Giaboksi ipimwe kabla ya kufunguliwa

MSIMU wa korosho mkoani Mtwara hushika kasi kuanzia Oktoba. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika mkoani humo mwaka 2007, mkulima hutakiwa kufikisha korosho zake ghalani kupitia chama chake cha msingi, AMCOS, ndipo ziingie mnadani. Shida ni usafiri. Lori likikosekana, si ajabu Noah ya kubebea abiria kufungwa tela na kugeuzwa gari la mizigo.

Hesabu yake ni rahisi. Gunia moja la korosho ni takriban kilo 80, hivyo magunia 10 ni kilo 800. Tela likiwa na kilo 300, mzigo wote unafika kilo 1,100. Noah yenyewe ikiwa tupu ina takriban tani moja na nusu. Maana yake ni kwamba gari linavuta zaidi ya theluthi mbili ya uzito wake, tena kwenye njia za mchanga za mashambani.

Giaboksi ya otomatiki hupokea nguvu ya injini kupitia oili. Gari likivuta mzigo mzito kwa mwendo mdogo, sehemu kubwa ya nguvu hiyo hugeuka joto. Oili ikichemka kupita kiasi huungua, klachi za ndani huanza kuteleza, na kuteleza huko huongeza joto zaidi.

Dalili hujulikana: injini inavuma lakini gari haliongezi mwendo, gia inachelewa kushika, au inaingia kwa kishindo. Tatizo ni kwamba mara nyingi hukumu hutolewa hapohapo kuwa giaboksi imekufa na inunuliwe nyingine ya mtumba, pengine kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500.

Kabla ya kukubali gharama hiyo, mwenye gari adai vipimo kwa utaratibu. Kwanza ni oili. Kwa gari lenye kijiti cha kupimia, hupimwa gari likiwa na moto na injini ikiwaka. Oili nyekundu ni dalili njema. Ya kahawia nzito yenye harufu ya kuungua inaonyesha joto limezidi. Ikiwa na rangi ya waridi iliyochanganyika kama maziwa, huenda maji ya rejeta yameingia ndani. Ikiwa imepungua tu, huenda tatizo ni mvujo.

Pili, taa ya O/D OFF ikipepesa kwenye dashibodi, gari lisomwe kwa kompyuta. Kosa laweza kuwa sensa, au waya ulioliwa na kutu ya chumvi ya pwani, vitu ambavyo gharama yake haifanani na ya giaboksi nzima. Tatu, sampo ifunguliwe. Vumbi laini kidogo ni la kawaida, lakini vipande vya chuma ni dalili kuwa mambo yameharibika ndani.

Hapa ndipo uchumi unapoingia. Kwa mfano tu, nauli ikiwa sh 2,000 kwa gunia, na giaboksi pamoja na ufundi vikigharimu sh 1,500,000, fedha hiyo ni nauli ya magunia 750, yaani safari 75 za magunia 10, kabla ya kutoa hata gharama ya mafuta. Isitoshe, giaboksi ya pili ikifungiwa tela lilelile kwenye mchanga uleule, itakufa kama ya kwanza.

Anayelazimika kuvuta apunguze magunia, azime O/D anapopanda mlima, abadilishe oili mapema kwa aina inayotajwa na mtengenezaji, na afunge rejeta ya ziada ya kupoza oili.

Hata hivyo, dawa ya kudumu haiko gereji. AMCOS zenye wanachama wengi zingeweza kukodi lori kwa pamoja na kupanga siku za kukusanya mzigo kijiji kwa kijiji. Nacho chuo cha VETA Mtwara kina nafasi ya kuwafundisha mafundi wa Mikindani kusoma magari kwa kompyuta. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkulima wa korosho hana fedha ya kujenga ukuta kila msimu.