Nesi Wetu Analala Wapi?

Ndugu msomaji,

Mwezi huu sitazungumza juu ya mahindi wala mbolea. Nitazungumza juu ya nesi wa zahanati. Labda utauliza: Bwana Shamba ameingiaje katika mambo ya zahanati? Nimeingia kwa sababu mkulima mgonjwa halimi. Tena mimi na nesi tunapita barabara ile ile.

Juzi nilihudhuria mkutano wa kijiji kimoja ninachokihudumia. Nilikwenda kueleza namna ya kuhifadhi nafaka. Kabla sijasimama, mzee mmoja alinyoosha mkono. Alisema, "Mwenyekiti, tuna zahanati nzuri. Lakini ikifika saa tisa na nusu, nesi anafunga mlango. Anapanda pikipiki, anakwenda zake mjini. Je, sisi tuugue mchana tu?"

Watu walipiga makofi. Wengine walitaka iandikwe barua wilayani ili nesi aondolewe.

Ndugu msomaji, watu hao walikuwa na sababu. Wiki chache kabla ya mkutano, mama mmoja alijifungua nyumbani usiku. Damu ilimtoka nyingi. Alipakiwa kwenye pikipiki mpaka kituo cha afya, katikati ya watu wawili. Alipona, lakini alifika hawezi hata kusema.

Damu ya uzazi haingoji. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa kwa muda wa saa mbili tu. Ipo sindano ya oksitosini inayosaidia kuzuia damu hiyo. Mama huchomwa mara tu mtoto anapozaliwa. Lakini sindano haijichomi yenyewe. Inataka mkono wa mtu aliyesomea kazi hiyo, na mtu huyo awe karibu.

Basi, kelele zilipotulia, bibi mmoja alimgeukia nesi. Alimwuliza, "Mwanangu, kwani huku kwetu ungelala wapi?"

Nesi alisimama. Alisema, "Shikamoo bibi. Nilipofika nilipewa chumba nyuma ya kilabu cha pombe. Bati linavuja. Choo ni cha jirani. Mlango hauna komeo. Usiku mmoja mtu aliusukuma mlango. Nilikaa macho mpaka asubuhi, nimemkumbatia mwanangu. Tangu siku ile nalala kwangu mjini."

Mkutano ulinyamaza. Wengi tulikuwa hatujui. Hata mimi sikujua, nami hupita pale kila wiki. Kuuliza si ujinga, lakini sisi tulikuwa hatujauliza.

Sasa, ndugu msomaji, tufanye hesabu pamoja. Chukua kalamu na karatasi.

Nesi huyu huondoka kwake saa kumi na moja na nusu alfajiri. Hupanda basi mpaka njia panda, kisha pikipiki mpaka kijijini. Hufika saa moja na nusu. Hizo ni saa 2. Jioni hurudi kwa saa 2 nyingine. Kwa siku moja ni saa 4. Kwa siku 5 ni saa 20. Siku moja ya kazi ina saa 8. Kwa hiyo kila wiki barabara inakula siku mbili na nusu za kazi. Wakati wa masika, barabara inapojaa matope, inakula zaidi.

Nauli yake ni shilingi 6,000 kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa siku 22 za kazi ni shilingi 132,000. Fedha hizo zinatoka katika mshahara wake.

Tena ana mtoto wa miezi minane anayenyonya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha muda usiozidi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi, akamnyonyeshe mtoto wake. Lakini mtoto yuko mjini, mwendo wa saa 2. Muda wote huo utaishia njiani, naye hajamwona mtoto.

Utasema, "Basi ahamie kijijini." Ni kweli, nauli itapungua na mtoto atanyonya. Lakini mume wake ni mwalimu mjini. Mtoto wake mkubwa yuko darasa la kwanza huko huko. Akihamia kijijini, anawaacha hao. Akibaki mjini, anawaacha wagonjwa wa usiku. Huo ndio mzigo wake, na kila asubuhi anaupima upya. Tusiseme upesi kwamba ana kiburi.

Mwaka 2007 Serikali ya Tanzania ilianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi. Lengo moja lilikuwa kila kijiji kiwe na zahanati. Vijiji vingi vilichimba misingi na kusomba mawe na mchanga. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini zahanati isiyo na nyumba ya mtumishi ni kama ghala lisilo na mlinzi. Mchana utaliona zuri. Shida huja usiku.

Mkutano ule haukuandika barua ya kumfukuza nesi. Uliamua mambo manne:

1. Kijenge nyumba ya vyumba viwili karibu na zahanati. Iwe na choo chake na mlango wenye komeo. Wanakijiji watafyatua tofali. Halmashauri itaombwa mabati.

2. Nyumba iwe mali ya kijiji, na jambo hilo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

3. Mgambo wapite hapo usiku.

4. Mpaka nyumba iishe, dereva mmoja wa pikipiki awe tayari kila usiku. Mama aliyekaribia kujifungua aende mapema kukaa karibu na kituo cha afya.

Nesi naye alisema wazi: nyumba ikiwa tayari, atalala kijijini na mtoto wake mdogo kuanzia Jumatatu. Ijumaa jioni atakwenda kwa mume wake na mtoto mkubwa. Hakuahidi zaidi ya hapo. Nami naona ni haki. Mtu mmoja hawezi kuwa kazini kila usiku wa mwaka. Hata ng'ombe wa kulimia hufunguliwa nira akapumzika.

Mzee yule aliyeanza maneno alijiandikisha wa kwanza kufyatua tofali. Nilipopita wiki iliyopita, msingi ulikuwa umechimbwa. Tofali bado hazijachomwa.

Ndugu msomaji, je, katika kijiji chako nesi analala wapi? Kama hujui, nenda kamwulize kwa heshima. Tazama bati, choo na mlango. Halafu lipeleke jambo hilo kwenye mkutano wa kijiji, kabla usiku mwingine haujaleta mgonjwa.

Mwezi ujao tutarudi kwenye nafaka.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu