Usikibandike Ukutani Kitambulisho cha Jirani

Wiki iliyopita mama muuza makaa wa upande wa reli, hapa Namuwongo, Kampala, alichukuliwa na polisi mbele ya wateja wake. Alidaiwa kumpigia simu mzee mmoja, kumdanganya kwamba mwanawe amegongwa na gari, kisha kupokea pesa za matibabu kwa mobile money. Mama huyo simu yake ni kitochi, na akitaka kutuma pesa humwita mtoto wa jirani ambofyee. Lakini laini iliyotumika imesajiliwa kwa jina lake na kwa namba yake ya kitambulisho, NIN. Pochi yake ilipotelea kwenye taksi miezi kadhaa nyuma, na ndaga muntu, yaani kitambulisho cha taifa, ilikuwa ndani.

Polisi walinikasirisha, sikatai. Ila aliyenikasirisha zaidi ni kijana wa kioski aliyesimama karibu yangu, akasema bila wasiwasi wowote kwamba kadi ile anaikumbuka. Iliokotwa, ikaletwa kwake, akaibandika kwenye kioo pamoja na nyingine ili mwenyewe akipita aione. Siku moja akaangalia, haipo. Tuliomsikia tukatikisa vichwa, tukatawanyika.

Vitambulisho vinavyopotea tunajua vinapotelea wapi: taksi za jioni, wanyakuzi wa boda, vurugu za soko, na mvua inapoujaza mfereji wa Nakivubo hadi maji yakaingia vyumbani. Hilo halihitaji mkutano. Yanayohitaji mkutano ni yale tunayofanya wenyewe baada ya kadi kupotea.

Itazame kadi yako. Upande mmoja kuna jina, tarehe ya kuzaliwa, NIN na saini. Geuza: kijiji, parishi, kaunti, wilaya. Sasa tembea kutoka Soweto hadi Kanyogoga uhesabu kadi zilizobandikwa kwenye vioo vya maduka na mabanda ya mobile money. Fungua makundi ya WhatsApp ya mtaa wako: kila baada ya muda mtu anapiga picha kadi aliyookota, mbele na nyuma, anairusha kwa watu mia mbili na kuandika "msaidieni huyu ndugu". Nia ni njema. Lakini umemsaidia mwizi kuliko mwenye kadi, na picha hiyo hakuna awezaye kuirudisha. Hata kadi ikiisha muda, NIN haiishi. Mei 2025 nchi nzima ilianza kupanga foleni kusajiliwa na kubadilisha kadi, na kadi mpya inakuja na namba ile ile.

Wenye makosa wengine nao wasijifiche nyuma ya kijana wa kioski. Machi 2018 Tume ya Mawasiliano, UCC, iliagiza laini zisajiliwe kwa mashine inayosoma kadi na alama za vidole. Tulikwishaambiwa kabla ya hapo, baada ya afisa wa polisi Andrew Felix Kaweesi kuuawa Machi 2017, kwamba kila laini lazima ijulikane ni ya nani. Basi laini iliyomkamatisha mama wa makaa ilipatikanaje? Aliisajili wakala. Wakala mwenye mwavuli na meza, anayelipwa kwa kila laini anayouza, na kampuni iliyomtuma haiulizi amezisajili vipi. Wengine hukuambia, "mtandao umegoma, weka kidole tena," ukaweka, na laini ya pili ikazaliwa kwa jina lako huku umesimama pale pale ukimshukuru. Oktoba 2020, wezi walipoingia katika mfumo wa Pegasus Technologies unaopitisha malipo kati ya kampuni za simu na benki, habari zilisema walitumia laini nyingi sana kutoa mabilioni ya shilingi. Laini za namna hiyo hazisajiliwi kwa majina ya wezi.

Kuna wakopeshaji wanaoweka kadi yako kwenye droo kama dhamana, pamoja na kadi ya benki na namba ya siri. Sheria ya wakopeshaji ya mwaka 2016 inawakataza. Kuna askari wa getini mjini anayekunyang'anya kitambulisho ndipo uingie ofisini, au anakuandikisha jina, NIN na simu katika daftari kubwa lililo wazi, na kila anayekuja nyuma yako anasoma mstari wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kumuuliza taarifa hizo ni za nini na zitakaa wapi. Muulize. Atakasirika, mwache akasirike.

Na kuna sisi tunaokubali elfu tano kumsajilia mtu laini "mara moja tu". Majirani zetu Wakongo waliteseka kwa njia hii, wakinunua laini za majina ya watu kwa kukosa karatasi. Lakini tangu 2019 mkimbizi mwenye kadi yake ya ukimbizi au barua ya usajili ya Ofisi ya Waziri Mkuu anaruhusiwa kusajili laini yake mwenyewe. Anayekuomba jina lako leo, mwelekeze huko, usimpe jina.

Ndugu zangu, pochi ikipotea, kimbilia laini kwanza. Azima simu, piga huduma kwa wateja, wafunge laini na mobile money kabla hujaanza kulilia noti zilizokuwemo. Halafu benki. Halafu polisi, siku hiyo hiyo, upate karatasi yenye tarehe, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo itakayosema kwamba siku mtu anatapeliwa kwa jina lako, kadi haikuwa mikononi mwako. Baada ya hapo piga *197#, namba ya kuhakiki usajili wa laini, na ukiona jambo usilolielewa nenda kwenye ofisi ya kampuni, usiende kwa mwavuli. Kama mwaka wako wa kuzaliwa ndiyo namba yako ya siri, ibadilishe sasa hivi. Mwaka huo umechapwa kwenye kadi. Na laini yenyewe iwekee PIN, ili mwizi akiichomeka kwenye simu yake isifunguke.

Najua mtakaloniambia: kadi mpya ni shilingi 50,000, na ni nani wa hapa mwenye hizo mkononi? Ndiyo maana watu hawaripoti. Lakini kuripoti si kulipia kadi. Ripoti leo, kadi utalipia utakapoweza. Na vikundi vyetu vya akiba, ambavyo kila mwanamke wa mtaa huu anavyo kimoja au viwili, kwa nini visitenge fungu la mkopo wa kadi bila riba? Tunakopeshana kwa ajili ya misiba na harusi. Hili nalo ni la kukopeshana.

Kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, wa kila zoni tuna ombi moja, na asipolitimiza tumuulize mkutanoni mbele ya watu. Awe na sanduku lenye kufuli na daftari. Kadi yoyote iliyookotwa ipelekwe kwake, iandikwe jina na tarehe, ifungiwe. Wenyeviti wa steji za boda watangaze jina tu: fulani kadi yake iko kwa mwenyekiti. Bila NIN, bila picha. Zisizochukuliwa zipelekwe kwa mamlaka ya vitambulisho, NIRA. Kijana wa kioski apewe siku chache azishushe zile za kwenye kioo, na akikataa, tusinunue kwake hata muda wa maongezi. Wakala anayekuambia uweke kidole mara ya pili, paza sauti hapo hapo, foleni yote isikie.

Mama wa makaa bado anaripoti kituoni. Wanaojua kwamba kadi yake ilipotea ni wengi, lakini waliokwenda kumsemea ni wachache mno. Twendeni. Na wewe uliyeokota kadi ya mtu ukaiweka kabatini ukisubiri kuzawadiwa, ipeleke leo kabla jua halijatua.