Poti ya Mtoto, Darasa la Kwanza la Twahara



Wasomaji wetu wapenzi, wiki hii tumeazimia kuzungumzia chombo ambacho wengi wetu huona haya kukitaja mbele za watu, nacho ni poti ya mtoto. Hununuliwa kwa haraka pamoja na ndoo na mabeseni, na kinachotazamwa ni rangi na bei tu. Lakini mwana wa Kiislamu huanza kujifunza twahara akiwa juu ya poti, miaka mingi kabla hajaamrishwa kuswali. Chombo cha kazi hiyo chastahili kufikiriwa kabla ya kununuliwa.

Sisi tulikosea, na kosa letu twalisimulia ili mwenzetu asilirudie. Binti yetu alipokaribia kutimiza miaka miwili tulimnunulia poti yenye umbo la bata, ina magurudumu na kidude cha kuimba. Kwa siku tatu aliisukuma ukumbini kama gari na kuwapakia wanasesere wake ndani. Kuikalia hakutaka. Alipokubali hatimaye, miguu yake ilining'inia bila kugusa sakafu, naye akazishika pembe zake kwa hofu. Mkojo ukapenya kwenye mianya ya magurudumu, na hata tuliposugua, harufu haikwisha.

Jioni moja, wakati wa Magharibi, alikojoa juu ya mswala wa bibi yake. Tulimpazia sauti, tukamkaripia mbele ya wageni. Tangu usiku ule mtoto akajizuia haja kubwa. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili, hata zikatimia siku nne. Tulimkuta nyuma ya pazia amebana miguu, machozi yakimtoka, na tumbo limekuwa gumu.

Bibi yake ndiye aliyetuzindua. "Wanangu," alituambia, "mswala ni kitambaa, nimekwisha kuufua. Huyu mtoto mliyemtia hofu mtamfua kwa maji gani?" Kisha akatukumbusha kisa kilichopokewa na Bukhari na Muslim, cha bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume, sala na salamu ziwe juu yake. Masahaba waliinuka kumzuia, Mtume akawaambia wamwache amalize. Alipomaliza, aliamuru ndoo ya maji imiminwe pale mahali, kisha akamfundisha kwa upole kwamba misikiti haikuwekwa kwa jambo hilo. Ikiwa mtu mzima msikitini alifanyiwa upole huo, je, mtoto wa miaka miwili nyumbani kwao?

Tulimpeleka kwa daktari, naye akatueleza lililokuwa likitokea. Mtoto akiogopa hujizuia, kinyesi kikikaa tumboni hukauka, kikitoka humuumiza, akiumia huogopa zaidi na kujizuia tena. Alitushauri tumrudishie nepi bila lawama, tumpe maji ya kutosha, matunda na mboga, na tuliache suala la poti mpaka maumivu yaishe na asahau hofu. Mzazi anayeona mwanawe amejizuia kwa siku kadhaa kwa maumivu, au ametoa damu, asingoje, amwone daktari.

Tulipokwenda kununua poti ya pili, tulikuwa tumejifunza la kutazama.

La kwanza ni kimo. Mtoto akiketi, nyayo zake zote mbili zikanyage sakafu sawasawa, na magoti yawe juu kidogo ya nyonga. Mkao huo hukaribiana na kuchutama, nao humsaidia kusukuma bila taabu. Basi mchukue mtoto dukani, umkalishe juu ya poti akiwa na nguo zake. Wanaopendelea kiti kidogo cha kuwekwa juu ya choo cha kukalia wahakikishe pana kigoda cha kukanyagia. Choo cha shimo kisubiri. Tundu lake ni pana kwa mtoto mdogo, na hofu yake ya kutumbukia ina sababu.

La pili ni uthabiti. Kitako cha poti kiwe kipana, isiyumbe mtoto anapoketi wala anapoinuka. Magurudumu hayana kazi hapa. Kwa mtoto wa kiume, kingo ya mbele iwe na mwinuko mdogo wa kuzuia mkojo usiruke, lakini isiwe ndefu wala kali, kwani akijigonga nayo mara moja hatarudi.

La tatu, ambalo kwetu ni kubwa zaidi, ni wepesi wa kutwaharishwa. Poti iliyo bora ni ya plastiki laini ya kipande kimoja, au yenye kikombe cha ndani kinachotoka chote, isiyo na mianya, vibandiko wala mito ya sponji. Twajua kwamba katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu hapa Pwani twayafuata, maji machache yasiyofika kulateni, yaani takriban lita 200, hunajisika kwa kuingiwa na najisi. Anayeitumbukiza poti ndani ya beseni hunajisi maji yote ya beseni. Utaratibu ni huu: kilichomo humwagwa chooni, athari yake huondolewa, kisha maji safi humiminwa juu kwa kata mpaka rangi na harufu viondoke. Baada ya hapo husuguliwa kwa sabuni, husuuzwa na kuanikwa juani. Katika mitaa yetu ambako maji hununuliwa kwa mtungi, poti isiyo na mianya huokoa maji mengi kila siku.

Tusidanganyike kwa kauli kwamba kinyesi cha mtoto hakina madhara. Kina viini vya maradhi kama cha mtu mzima. Kisitupwe mtaroni wala uani, na mikono ya mama na ya mtoto ioshwe kwa sabuni kila mara. Ndoo ya maji nayo ifunikwe, au iwekwe mtoto asikofikia, kwani mtoto mdogo aweza kuzama hata katika maji machache.

La nne ni mahali pa kuiweka. Sitara hufunzwa mapema. Poti ikae chooni au pembe ya chumbani, isiwe ukumbini mbele ya wageni. Mtoto huyu kalamu bado haijamwandikia, lakini ni adabu njema tangu mwanzo asielekezwe kibla wala kukipa mgongo. Akimaliza, achambwe kwa maji kwa mkono wa kushoto, huku tukimweleza. Akizoea kuingia chooni kwa mguu wa kushoto na kutoka kwa wa kulia, atakuwa amejifunza kwa mchezo mambo ambayo wengine hufundishwa ukubwani.

Na wakati wa kuanza? Watoto wengi huwa tayari baina ya miezi 18 na miaka mitatu, na hawalingani. Tazama dalili: hukaa mkavu kwa muda kama wa saa mbili, huelewa agizo dogo, huweza kushusha suruali yake, huonyesha kukerwa na nepi iliyolowa. Dalili hizi zikikosekana, poti ya bei yoyote haitasaidia, wala mtoto wa jirani aliyetangulia asifanywe kipimo cha wako. Usiku huchelewa kuliko mchana, na kulowesha kitanda hakumstahilishi mtoto adhabu.

Poti yetu ya pili haikuwa na umbo la mnyama wala wimbo. Ilikuwa ya buluu, nyepesi, ya bei ndogo kuliko ya kwanza. Tuliiweka chooni, tukanyamaza. Kila baada ya chakula tulimkalisha kwa dakika chache, na asipotaka hatukumlazimisha. Baada ya wiki tatu hivi, bibi yake akiwa anatawadha kwa Alasiri, alimwona mtoto anakuja peke yake akivuta suruali chini. Aliketi, akakanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, akamaliza. Kisha akanyosha mkono akaomba kopo la maji.

Bibi alisema "Masha Allah" kwa sauti ndogo, akampa kopo, akaendelea na udhu wake. Nasi tuliokuwa mlangoni tulijifunza kwake namna ya kumsifu mtoto pasi na kumtisha.

Mwenyezi Mungu atujaalie subira katika malezi, na awajaalie wana wetu kuwa miongoni mwa wanaojitwaharisha. Amin.