TAHARIRI: Gari la Dizeli Lililotumika Linunuliwe kwa Ushahidi

SERIKALI ilipoharakisha kuhamia Dodoma mwaka 2016, watumishi wengi, wa Bara na wa Visiwani, waligundua kuwa gari dogo lililowatosha katika lami ya Dar es Salaam au ya Mjini Unguja halifai kwa safari za vijijini. Anayetaka kufika Mvumi mvua zikiwa zimechachamaa huhitaji gari la juu, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Jipya halishikiki kwa mshahara. Basi hutafuta la dizeli lililokwisha tumika.

Jambo hili si la mtu mmoja. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2022, Waziri wa Fedha alipendekeza watumishi wenye stahili ya gari wakopeshwe wajinunulie wenyewe. Kwa hiyo kosa la uchaguzi humwangukia mtumishi, na kazi ya umma pia hulala gari likilala.

Mvumi ni mizani nzuri ya kupimia gari. Ardhi yake ilimomonyoka kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO), ulioanza mwaka 1973, uliiondoa mifugo huko mwaka 1986. Makorongo yake ni mchanga mtupu wakati wa kiangazi, na ni maji ya ghafla wakati wa mvua. Vumbi lake hupenya popote. Zaidi ya hayo, mwenye gari kijijini hana gari peke yake. Usiku jirani akishikwa na uchungu wa uzazi, mlango utakaogongwa ni wake, ili mama afikishwe hospitali ya Mvumi. Gari likizimika korongoni, deni lake halihesabiwi kwa shilingi.

Hatusemi kwamba dizeli ni mbaya. Injini yake hula mafuta kidogo kuliko ya petroli yenye ukubwa sawa, na huvuta mzigo kwa nguvu hata ikizunguka polepole. Lakini huwasha mafuta kwa kuishindilia hewa hadi ipate joto kali. Silinda zikilika, mshindilio hupotea, na dawa yake ni kufungua injini nzima. Vumbi lililopita katika chujio bovu hufanya kazi hiyo ya uharibifu kimya kimya, rangi ya nje ikiendelea kung'aa.

Hatari ya pili ni mafuta yenyewe. Kulikuwa na wakati dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa yaliyokuwa rahisi. EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwezi Septemba 2010, na bajeti ya mwaka 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kishawishi cha bei kiondoke. Mafuta ya taa hayana ulainisho wa dizeli. Pampu na nozeli husagika. Hata leo, dizeli ya madumu yenye maji au mchanga hutoa madhara kama hayo, na mifumo mipya ya shinikizo kubwa inayoongozwa kwa kompyuta ndiyo isiyovumilia kabisa.

Wenzetu wa Visiwani wanayo hatari ya tatu: chumvi. Gari lililoishi kando ya bahari huliwa kutoka chini, kwenye chasisi na mabomba ya breki. Hata lililotoka Japani huenda limetoka mikoa ya theluji, ambako chumvi humwagwa barabarani. Anayelivusha kwa meli kulileta nyanda za kati asidhani kwamba ukame utaponya kutu.

Basi mnunuzi afanye nini? Kwanza, alione gari asubuhi, injini ikiwa baridi, aliwashe mwenyewe. Moshi wa bluu unaodumu ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha ni ishara ya maji au mafuta yasiyowaka sawasawa. Oili iliyofanana na chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Mapovu yasiyokoma kwenye rejeta huashiria gaskiti iliyoungua au silinda hedi iliyopasuka, ugonjwa unaojulikana sana katika injini ya Toyota 1KZ-TE iliyowahi kuchemka. Pili, alinganishe kilomita za kwenye dashibodi na cheti cha kuondoshea gari Japani pamoja na daftari la matengenezo. Mali bila daftari, huisha bila habari. Tatu, achague gari ambalo fundi wa Dodoma analijua na vipuri vyake vipo. Toyota 1HZ ya lita 4.2, isiyo na tabo na yenye pampu ya kawaida, haina mbio. Lakini hutengenezeka karibu popote. Nne, asitumie fedha zote kununulia. Abakize fungu la machujio, mikanda, oili na matairi kabla ya safari ya kwanza.

Kwa viongozi wa Serikali tunalo neno. Gari la umma linapouzwa kwa mnada, taarifa ya fundi na historia ya matengenezo vibandikwe hadharani, ili mwananchi asinunue fumbo. Gari lililotumika likinunuliwa kwa fedha za kijiji au za ushirika, likaguliwe kwanza kwa maandishi. Karakana za TEMESA zipo mikoani, na mafundi wanaoaminika wapo. Kuficha aibu ya bidhaa ni ghushi, awe muuzaji ni mfanyabiashara au ni ofisi.

Ada ya fundi wa kukagua ni ndogo mno mbele ya bei ya injini. Anayeikwepa kwa kuona anabana matumizi akumbuke kwamba majuto ni mjukuu, na kwamba barabara ya Mvumi haimsubiri mtu ajutie.