Chembe za Msingi juu ya Kilimanjaro

Wanafunzi wengi wa sekondari hukariri kwamba atomi imeundwa kwa chembe tatu za msingi: protoni, nyutroni na elektroni. Fundisho hilo limepitwa na wakati. Protoni na nyutroni zimeundwa kwa chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki. Katika hizo tatu, ni elektroni pekee ihesabiwayo leo kuwa ya msingi.

Chembe nyingine za msingi hazimo katika maabara za Ulaya tu. Mnururisho utokao anga za mbali huigonga hewa juu ya Kilimanjaro, na humo huzaliwa myuoni, chembe iliyogunduliwa mwaka 1936, yenye tungamo mara 207 ya elektroni. Maisha yake, kwa wastani, ni sehemu 2.2 tu za milioni moja ya sekunde. Hata kwa mwendo wa nuru, muda huo watosha mita 660 tu. Nayo huzaliwa yapata kilomita 15 juu! Hata hivyo, nyingi hufika Moshi, kwani wakati wa kitu kiendacho kasi hivyo hupita polepole, kama nadharia ya Einstein ya mwaka 1905 ielezavyo. Kileleni Kibo, mita 5,895, huwa nyingi zaidi.

Basi mwalimu asiishie kwenye chembe tatu. Yafaa awape wanafunzi hesabu hiyo waikokotoe wenyewe, huku mlima wakiuona dirishani.