Unafanyia kazi nyumbani? Piga hesabu kabla ya kulipia simu ya intaneti

Yupo mama anayeuza nguo za watoto kwa oda. Yupo baba anayewaandalia wafanyabiashara wadogo hesabu zao. Yupo muuguzi mstaafu anayetoa ushauri wa lishe kwa simu. Kwa wote hawa meza ya chakula ndiyo ofisi na simu ndiyo duka lenyewe.

Shida huanzia kwenye vocha. Dakika za kifurushi zinaisha katikati ya mazungumzo na mteja, hela ya mboga inageuka hela ya salio, na mwisho wa mwezi mume na mke wanaulizana fedha imekwenda wapi. Hapo ndipo mtu anaposikia kwa rafiki kwamba kuna simu za intaneti za bei chee, anakimbilia kulipia huduma ya mwezi mzima bila kujua kama anaihitaji.

Simu ya intaneti si kitu kigeni. Kila aliyewahi kupiga kwa WhatsApp ameitumia. Sauti inakatwakatwa vipande vidogo, inasafiri kama data, kisha inaunganishwa upya upande wa pili. Tofauti ipo kwenye aina. Kuna programu za bure zinazokutaka wewe na mteja wako wote muwe nayo. Kuna programu unazolipia salio ili upige namba yoyote ya kawaida, hata ya nje ya nchi. Na kuna huduma ya kampuni za intaneti inayokupa namba ya ofisi, mfano inayoanza na 022 kwa Dar es Salaam, ikaita kwenye kompyuta au simu ya mezani iliyounganishwa na ruta.

Anza na wateja wako

Kabla ya kuuliza bei, chukua simu yako na uangalie orodha ya waliokupigia wiki mbili zilizopita. Hesabu wangapi walipiga kwa WhatsApp na wangapi kwa laini ya kawaida. Angalia pia wako wapi.

Kama wengi wanapiga kwa laini ya kawaida, wengine wakiwa na kitochi na wengine hawana bando mpaka jioni, simu ya intaneti peke yake itakupotezea mauzo. Mteja hawezi kununua bando ili akuulize bei ya sare ya shule. Atapiga kwa jirani yako.

Kama wateja na wauzaji wako wako nje, mambo ni tofauti, na hapa kuna mtego. Wazazi wengi wenye biashara ndogo wanaagiza mizigo Dubai na Guangzhou kama wanavyofanya wafanyabiashara wa Kariakoo. Falme za Kiarabu huzuia simu za WhatsApp: ujumbe na sauti za kurekodi zinapita, lakini simu yenyewe haiunganishwi, ndiyo maana ndugu walioko huko hutumia programu zilizoruhusiwa kama Botim. China nako WhatsApp imefungwa, na wafanyabiashara wake wako WeChat. Google Voice, ambayo vijana huisifia sana mtandaoni, akaunti zake binafsi ni za walioko Marekani. Kwa hiyo usilipie chochote mpaka umjaribu mtu mmoja halisi katika nchi unayofanya nayo biashara.

Hesabu ya bando

Watu wengi hudhani simu ya intaneti inakula bando sana. Si kweli, ilimradi usiwashe kamera. Mfumo wa sauti wa siku nyingi unaotumika kwenye simu za ofisini, G.711, unahitaji takriban kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na kiasi hichohicho kurudi. Kwa saa nzima ya mazungumzo hiyo ni karibu MB 80. Mfumo unaobana sauti zaidi, G.729, hutumia chini ya MB 30 kwa saa.

Tuseme GB 1 unainunua kwa Sh2,000. Kwa MB 80 kwa saa, GB hiyo itakupa zaidi ya saa 12 za maongezi, yaani kama Sh160 kwa saa. Weka bei ya bando lako halisi uone jibu lako. Kisha linganisha na dakika za kifurushi chako cha kawaida, ukikumbuka kwamba vifurushi vingi vya dakika vina muda wa kwisha hata kama hujavitumia.

Programu ya WhatsApp inaweza kukupimia yenyewe. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, utaona matumizi ya mtandao na kiasi kilichotumiwa na simu. Futa takwimu hizo zianze sifuri, ongea na mtu dakika 10, kisha rudi usome. Palepale kuna kitufe cha kupunguza data wakati wa simu. Kiwashe. Jaribio hili la dakika 10 ni bora kuliko maelezo yote ya muuza huduma.

Kutokana na hesabu hiyo kuna jambo jingine linaonekana: sauti haihitaji kasi kubwa. Kifurushi cha intaneti cha nyumbani cha daraja la chini kinatosha kabisa kwa simu moja, hata tatu kwa pamoja. Mwuzaji akikuambia upande daraja ili "simu zisikatike", mwulize kwanza zinakatika kwa nini. Mara nyingi kinachosumbua ni mtandao kuyumba, wala si kasi kuwa ndogo.

Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano unapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Ikizidi sana, watu wanaanza kudakiana maneno. Mteja anasema "haloo, haloo", wewe unapaza sauti, mtoto aliyelala anaamka, na nyumba nzima inakuwa na kelele. Jaribu basi simu kwa saa zako halisi za kazi, hasa jioni wakati mtaa mzima uko mtandaoni na watoto wako wanaangalia katuni kwa ruta hiyohiyo. Ruta nyingi zina sehemu ya kuipa kifaa kimoja kipaumbele. Na kama ruta imefichwa nyuma ya televisheni au ndani ya kabati la vyombo, itoe uiweke juu, mahali pa wazi. Hilo halina gharama.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo mzazi anapaswa kutulia zaidi, kwa sababu suala linavuka biashara.

Simu za mezani za waya wa shaba zilikuwa zikipata umeme wake kutoka kituo cha simu. Mtaa ukiwa giza, simu bado iliita. Simu ya intaneti haina bahati hiyo. Umeme ukikatika ruta inazima, na namba yako ya ofisi inazima nayo. Zipo betri ndogo za akiba za ruta, zinazoiendesha kwa saa kadhaa, na kwa anayetegemea simu kula yake ni matumizi yenye maana kuliko simu ya mezani yenye vitufe vingi.

Lakini kubwa kuliko hilo ni dharura. WhatsApp na programu nyingi za aina yake hazipigi namba za dharura, na masharti yake yanasema hivyo waziwazi. Mtoto mwenye pumu akibanwa usiku, au moto ukiwaka jikoni, huwezi kuipata 112 ya polisi wala 114 ya Zimamoto kupitia WhatsApp. Vilevile 115, namba ya bure ya m-mama inayoratibu usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, na 116 ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto, hupigwa kwa laini ya kawaida.

Zipo familia zinazobaki na simu janja yenye bando tu, laini haina hata senti, na nyingine ambako kifaa pekee kinachobaki nyumbani mchana na dada wa kazi ni tableti ya kutazamia katuni. Simu moja ya kawaida yenye chaji, hata kitochi, ibaki nyumbani mahali ambapo kila mtu anapajua, na namba hizo ziandikwe kwenye karatasi ukutani. Namba za dharura ni za bure, kwa hiyo kukosa vocha hakumzuii mtu kuzipiga. Watoto wakubwa wafundishwe kuzipiga, na kutaja mtaa na alama ya karibu: msikiti, kanisa, duka, shule.

Masikio na shingo

Anayeongea na wateja saa nne au tano kwa siku anautumia mwili wake kama anavyoutumia fundi. Kubana simu kati ya bega na sikio huku unakoroga uji ni tabia ya kawaida jikoni, na jioni shingo ndiyo inayolipa. Spika za masikioni zenye waya na kipaza sauti, za bei ya kawaida tu, zinaondoa tatizo hilo. Pia zinapunguza mwangwi, na ukinunua kitu kimoja tu, nunua hizo kabla ya kulipia huduma yoyote.

Sauti isiwe juu mno. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Simu nyingi hazikuonyeshi desibeli, basi tumia kipimo cha nyumbani: kama mtu aliye umbali wa mkono anakuita kwa sauti ya kawaida nawe humsikii, punguza. Mlio masikioni baada ya kazi ni dalili ya kumwona mtaalamu, usisubiri uzoeleke. Na spika hizo zisiwe za familia nzima, hasa kama kuna mtoto mwenye maambukizi ya sikio.

Siri za watu

Muuguzi anayetoa ushauri, mwalimu anayezungumza na wazazi, mhasibu anayejua madeni ya mtu, wote wanabeba siri. Sebule yenye watoto watatu na mgeni si mahali pa kuitaja hali ya mteja kwa spika ya nje. Chumba cha kulala kilichofungwa mlango kinafaa, na chenye godoro na mapazia hata mwangwi wake ni mdogo. Kama huduma unayoitaka inarekodi simu, mweleze mteja na upate ridhaa yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ukubwa wa biashara si kinga.

Weka pia uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti ya kazi. Matapeli huomba namba ya siri ya tarakimu sita kwa ujanja, na mara nyingine anayeisoma ni mtoto aliyeshika simu ya mama akicheza gemu. Akaunti ikiibwa, wateja wako ndio wataanza kuombwa fedha kwa jina lako. Mwenye uwezo atenge simu ya kazi na ya watoto. Asiye na uwezo aweke kufuli kwenye programu yenyewe.

Nani basi alipie?

Kwa mzazi anayepokea simu mwenyewe, na wateja wake wakiwa hapahapa nchini, jibu ni fupi: usilipie huduma ya mwezi. Laini moja ya kawaida, WhatsApp Business ambayo ni ya bure, na spika za waya vinatosha. Programu hiyo ina sehemu ya kuweka saa za kazi na ujumbe unaojijibu nje ya saa hizo. Ukiandika kwamba unapatikana saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, wateja wengi wataheshimu, na chakula cha usiku kitaliwa bila simu mezani. Kwa mikutano, Google Meet ya bure inaruhusu watu watatu au zaidi kwa dakika 60, Zoom ya bure dakika 40.

Namba ya ofisi ya kulipia inaanza kuwa na maana mnapokuwa wawili au watatu mnaopokea simu za biashara moja, au unapoomba zabuni kwa taasisi zinazotaka namba ya mezani. Hapo uliza maswali haya kabla ya kusaini: bei hiyo imejumlisha kodi? Dakika za kwenda mitandao ya simu za mkononi zinatozwa peke yake? Kifaa ni changu au ni cha kukodi? Nikiacha huduma, namba inabaki yangu? Muda wa chini wa mkataba ni upi? Omba mwezi mmoja wa majaribio, na majibu uyapate kwa maandishi.

Anayenunua salio la kupigia nje anunue dogo dogo. Skype ilianzishwa 2003 na ilionekana ingedumu milele, lakini Microsoft iliifunga Mei 5, 2025 na kuwataka watumiaji wahamie Teams. Waliokuwa wamechapisha namba ya Skype kwenye kadi zao za biashara ilibidi wachapishe nyingine. Kwa sababu hiyo, kwenye kadi, kwenye mfuko wa bidhaa na kwenye bango la getini andika kwanza namba yako ya laini ya kawaida, iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, na programu zifuate chini yake.