Bijombo: ugonjwa wa maumivu usioonekana kwenye darubini

Katika vituo vya afya vya milima mirefu ya Uvira kuna mgonjwa ambaye kila muuguzi anamfahamu. Mara nyingi ni mama. Anasema mwili wote unauma: shingo, mabega, mgongo, nyonga, mapaja. Analala usiku kucha lakini asubuhi anaamka amechoka kama hakulala. Malaria imepimwa, haikuonekana. Amepewa dawa za tifoide, mwezi uliofuata za minyoo, kisha sindano za diclofenac. Anapata nafuu siku mbili, halafu anarudi.

Siyo kila mgonjwa wa namna hiyo ana fibromialjia. Lakini baadhi yao wanayo, na katika kundi la vijiji la Bijombo jina hilo halitajwi kabisa. Duniani ugonjwa huu unakadiriwa kugusa watu 2 hadi 4 kati ya kila 100, wengi wao wanawake. Mishipa ya fahamu na ubongo vinapokea maumivu kwa nguvu kupita kiasi, hata pale ambapo misuli na viungo havina jeraha. Ndiyo maana radiografia haionyeshi kitu na damu inatoka safi. Mgonjwa anaambiwa hana ugonjwa, wakati anao.

Wengi wanadhani shida ni ukosefu wa mashine. Kwa ugonjwa huu, sivyo. Mwaka 1990 Chuo cha Rumatolojia cha Marekani kilitaka daktari abonyeze sehemu 18 za mwili na kukuta angalau 11 zinauma. Mwaka 2010 njia hiyo iliwekwa kando, na mwaka 2016 kanuni zikarekebishwa tena. Sasa kazi ni kuuliza na kuhesabu. Mgonjwa anataja sehemu zilizomuuma katika siku 7 zilizopita kati ya sehemu 19. Kisha uchovu, usingizi usiopumzisha na usahaulifu vinapewa alama kutoka 0 hadi 3 kila kimoja. Maumivu ya kichwa, ya tumbo na huzuni katika miezi 6 iliyopita vinaongeza alama 1 kila kimoja. Akipata sehemu 7 au zaidi na alama 5 au zaidi, au sehemu 4 hadi 6 na alama 9 au zaidi, maumivu yakiwa yameenea mwilini na yamedumu miezi 3, basi ni fibromialjia. Karatasi moja na kalamu vinatosha. Muuguzi wa Bijombo hahitaji umeme kwa hesabu hiyo.

Anachohitaji ni dakika 20, na hizo ndizo hana. Zoni za afya za upande wetu zimejengwa juu ya dharura: kipindupindu kwenye mwambao wa Tanganyika, mpox tangu 2024, majeruhi wa risasi, watoto wenye utapiamlo. Misaada inahesabu vitanda na chanjo. Mama anayeumwa tangu miaka mitatu na hafi haingii katika jedwali lolote.

Kuna pia hatari ya upande wa pili, na ni lazima isemwe. Bijombo ni nchi ya ng'ombe, na maziwa mabichi yanaweza kuleta bruselosi: homa inayokuja na kuondoka, jasho, maumivu ya viungo na uchovu wa wiki nyingi. Ugonjwa huo unapona kwa antibiotiki, na kipimo cha kwanza ni tone la damu juu ya kadi. Kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye uti wa mgongo. Tezi ya shingo ikilegea, mtu anachoka na misuli inauma. Virusi vya Ukimwi pia. Kwa hiyo mgonjwa mwenye homa, anayekonda, anayetoka jasho la usiku, mwenye kiungo kilichovimba au mguu unaopoteza nguvu asipewe jina la fibromialjia kabla ya kupimwa hayo. Tena kanuni za 2016 zinasema wazi kwamba mtu anaweza kuwa na fibromialjia pamoja na ugonjwa mwingine. Kuona kimoja hakufuti kingine.

Na tifoide? Kipimo cha Widal, ambacho wengi wanakiamini kama hati ya mahakama, kinaweza kutoa jibu la ndiyo kwa mtu aliyeugua zamani au aliyekutana na vijidudu vingine. Mtu anayetibiwa tifoide mara tano kwa mwaka anastahili kuulizwa upya anaumwa nini.

Halafu kuna vita. Tangu 2019 mapigano katika milima mirefu yamechoma vijiji, yamepora ng'ombe na kuwakimbiza Wanyamulenge, Wafuliiru, Wanyindu na Wavira, kila mmoja kwa wakati wake. MONUSCO ilimaliza kuondoka Kivu Kusini mwaka 2024. Utafiti uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 ulikadiria kuwa mtu mmoja kati ya watano katika maeneo ya vita ana tatizo la afya ya akili. Watu waliopitia ukatili na wanaokosa usingizi wana hatari kubwa zaidi ya kupata fibromialjia. Hiyo haina maana kwamba maumivu yao ni mawazo tu. Aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni hakujitungia maumivu ya mgongo.

Bila jina, watu wanatafuta maelezo mengine. Bwana anasema ni uvivu. Majirani wanasema ni sumu, na baada ya sumu anatafutwa aliyeitoa. Familia inauza mbuzi, inashusha mgonjwa hadi Uvira kupitia vizuizi ambapo kila kimoja kinadai franga, na inarudi na radiografia isiyoonyesha kitu. Safari hiyo inarudiwa.

Tiba ipo, ingawa haimalizi ugonjwa. Amitriptilini ya dozi ndogo usiku inasaidia baadhi ya wagonjwa kulala na kupunguza maumivu. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya WHO na bei yake ni ndogo. Diclofenac haigusi chanzo, na ikitumika muda mrefu inaumiza tumbo na figo. Dawa za kundi la prednisolone hazishauriwi kabisa. Wataalamu wa Ulaya wanaweka mazoezi ya mwili mbele ya dawa zote, yanayoanza polepole na kuongezwa kidogo kidogo. Hapa shauri hilo linahitaji akili: mama anayebeba kuni na mihogo kupanda mlima hakosi kujituma. Mzigo wa kilo 40 si zoezi. Kwake, kuanza polepole kuna maana ya kugawa mzigo mara mbili, na watu wa nyumbani kukubali kuubeba nusu nyingine.

Hilo la mwisho muuguzi hawezi kuliandika kwenye karatasi ya dawa. Anaweza kumwita bwana aingie ndani, amweleze kwamba ugonjwa huu una jina, hauambukizi, hauui, na haukutoka kwa jirani. Kwa familia nyingi za Bijombo, mazungumzo hayo yangegharimu pungufu ya safari moja ya kushuka Uvira.